Tusimweke Nyapara Katika Burudani

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama na wananchi wa Magoma. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuwapo.



Mambo ya ada na ya kisima yamekwisha semwa, na Katibu ameyaandika. Mimi nimepewa nafasi niseme juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona kuwa ni dogo, tena si la mkutano. Nataka kusema juu ya ile saa ambayo mtu ametoka shambani, jembe ameliosha, jua halijazama bado, na hakuna amwitaye. Saa ile ni yake. Je, anaifanyia nini? Tangu nifike hapa nimewauliza watu wengi swali hilo, na majibu niliyoyapata ndiyo yaliyonisimamisha leo.

Mzee mmoja aliniambia, "Zamani nilikuwa nikitunga mashairi, lakini nimeacha. Yangu hayakuwa na utamu kama ya wenzangu." Mama mmoja akasema alikuwa akisuka ukili, lakini jirani yake ana mkono mzuri zaidi, basi akaona haya, akauweka ukindu wake darini mpaka ukaliwa na panya. Kijana mmoja, mwenye miguu mizima na pumzi ya kupanda mlima bila kupumzika, akaniambia hachezi mpira kwa kuwa yeye si fundi. Ndugu zangu, hakuna hata mmoja katika hao aliyeniambia kwamba hapendi. Wote wanapenda, na wote wameacha, kwa sababu moja tu: wamejipima wakajiona pungufu.

Sasa nauliza, nani aliyewatuma kujipima?

Kupimwa twakujua sana sisi watu wa Tanga. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge watawaeleza vijana habari za kipande. Mtu alipewa kadi yenye nafasi za siku 30. Akimaliza kazi aliyokatiwa siku ile, kadi hutiwa alama. Asipoimaliza, jasho lake la siku ile halihesabiwi. Juu yake alisimama nyapara, na kazi ya nyapara ilikuwa kuhesabu na kutafuta kasoro. Mambo yale yalikuwa magumu, na mengine yalikuwa dhuluma tupu. Lakini hata nyapara mkali kuliko wote, jua likizama alikwenda kwake. Hakumfuata mkata mkonge mpaka barazani kumwambia kwamba wimbo anaoimba haukukaa sawa, au kwamba kete amezipeleka vibaya. Leo kipande hakipo, na nyapara wake hayupo, lakini watu wengi wamemwajiri mwingine bila mshahara, wakamkalisha ndani ya moyo. Huyu wa sasa hana saa ya kwenda nyumbani. (Vicheko.)

Nitawapeni mfano wa karibu kabisa. Bonde letu hili la Lwengera limekaa katikati ya milima ya Usambara, ile ya Magharibi upande huu na ile ya Mashariki upande ule. Katika misitu ya milima hiyo kuna ua dogo la rangi ya zambarau, majani yake manene na yana manyoya laini, nalo huota penye miamba, kivulini, mahali penye unyevu. Wengi wenu mmelipita mkienda kutafuta kuni, wala hamkuligeukia. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliligeukia, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu wa mimea aitwaye Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaliandika katika vitabu vya elimu na kulipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya yule mtawala na baba yake. Husemwa kwamba mtawala huyo ndiye aliyeligundua. Wasambaa walikuwa wakikanyaga miamba ile vizazi vingi kabla yake, lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine. Wajerumani mpaka leo hulitaja ua hili kwa jina la Usambara, na hilo angalau ni haki.

Ua hili limekuwa mojawapo ya maua yanayopandwa sana ndani ya nyumba duniani. Sababu yake si ya ajabu. Halitaki shamba, halitaki jua kali, latosheka na mkebe uliowekwa karibu na dirisha. Tena lina ukarimu. Ukikata jani moja ukalichomeka udongoni, baada ya majuma kadha litatoa mizizi, na baada ya miezi utaona vitoto vinachomoza ubavuni mwake. Basi bibi mmoja wa Marekani humpa jirani yake jani, jirani humpa dada yake, na hivyo ua la milima yetu likaingia katika nyumba nyingi pasipo senti kutoka mfukoni. Hiyo ndiyo burudani khasa.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi wa Novemba mwaka 1946, mjini Atlanta, Marekani, yalifanywa maonyesho ya ua hili, na chama cha wapenzi wake kikaundwa. Chama si kitu kibaya. Sisi wenyewe hapa tu wanachama. Kwa njia ya chama kile watu wengi wamefundishana na kufanya urafiki. Ila penye maonyesho pana mwamuzi, na penye mwamuzi pana alama. Mmea hupimwa kwa alama 100. Alama 30 ni za mpangilio wa majani tu, kwamba yakae duara, safu juu ya safu, pasiwe na pengo. Rangi ya ua lenyewe, ambayo ndiyo iliyomvuta mtu tangu mwanzo, ina alama 10. Kwa hiyo wapandaji wa mashindano huugeuza mkebe kidogo kidogo kila mara, ili mmea usielekee dirishani upande mmoja. Jani lililokwenda kombo hung'olewa. Na jambo lililonishangaza mimi zaidi ni hili: kwa majuma mengi kabla ya maonyesho huvikata vitumba vya maua, kila kinachochomoza hukatwa, ili mmea uje kuchanua kwa pamoja siku ile ya mwamuzi.

Fikirini jambo hilo. Mtu amelipenda ua, amelileta nyumbani kwake ili alitazame, kisha anaishi na mkebe wa majani matupu kwa kuwa maua amemwekea mwamuzi. Simcheki mtu huyo. Wako wanaofurahia kushindana kwenyewe, kama vile wako wanaofurahia kukimbia mpaka watapike, nao wamechagua wenyewe. Maneno yangu ni kwa yule ambaye hakujiandikisha katika mashindano yo yote, wala hana nia ya kujiandikisha, lakini kila siku yuko nyumbani anakata vitumba vyake. Yule mzee wa mashairi ni mmoja wao. Yule mama wa ukili ni wa pili. Na kule msituni ua lenyewe limekaa juu ya mwamba, jani moja limeliwa na mdudu, jingine limepinda kuufuata mwanga, nalo limechanua. Kinachotishia uhai wake huko si umbo la majani, ni shoka letu sisi tunaoumaliza msitu.

Sasa nije kwenye mashairi, maana huko ndiko nyapara huyu alikoshinda sana. Shairi letu lina sheria zake, vina na mizani, na Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1954. Wengine wamekigeuza kitabu kile kuwa askari wa mlangoni, asiye na cheti asipite. Mimi nakiona kuwa ni seremala anayekuonyesha namna ya kushika randa. Mtu yule alikuwa na shughuli nyingi: alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria. Hata hivyo alipata nafasi ya kuhesabu mizani, naye hakupokea mshahara kwa ajili hiyo.

Hali kadhalika Shaaban Robert, jirani yetu, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 mpaka 1944, kisha akafanya kazi katika idara ya wanyama, kisha katika ofisi ya wilaya ya Tanga na ofisi ya upimaji wa ardhi. Posho yake ilitoka huko. Kalamu aliishika baada ya kazi. Mtaniambia, "Lakini yule alikuwa Shaaban Robert!" Ni kweli. Ila siku alipoandika ubeti wake wa kwanza hakuwa Shaaban Robert wa vitabuni, alikuwa karani. Tena gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji wa kila namna. Watu walitunga, wakaulizana mafumbo, wakajibizana kwa miezi, wakachokozana, wakacheka. Wengi wao hawakutoa kitabu, na majina yao leo hayatajwi na mtu. Je, walipata hasara? Hasha! Walikuwa na jioni zao.

Na Mwalimu Nyerere, ambaye nchi nzima ilikuwa mabegani mwake, alitafsiri mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili, ukachapwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 ulitoka tena umerekebishwa, hata jina likageuka kuwa Juliasi Kaizari, na mwaka ule ule akatoa na Mabepari wa Venisi. Kutafsiri michezo ya Waingereza haikuwa kazi ya Rais. Alifanya kwa kupenda. Angaliifungia tafsiri ya kwanza sandukuni mpaka isiwe na neno la kurekebisha, tusingaliipata hata ya pili.

Wako pia wanaosema watafurahi kuanza, lakini wanangoja vifaa. Mmoja angoja kinanda kizuri, mwingine angoja rangi za dukani Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alifika mkoa wetu huu kufanya kazi ya mkonge kabla ya kwenda Dar es Salaam. Hakupita chuo cho chote cha uchoraji. Mwaka 1968, alipoanza kuchora, alitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Chui wake hafanani sana na chui wa porini. Macho makubwa, madoa kama amepigwa mhuri. Na watu wote duniani wanamjua ni chui. Alikufa mwaka 1972, lakini mpaka leo wako vijana wanaokula kwa jina lake.

Najua yupo mmoja hapa anayesema moyoni, "Mzee huyu atufundisha uzembe." Ngoja nijibu, maana hoja hii ina nguvu. Anayejenga daraja yampasa apime, tena apime mara mbili. Mganga anayepima dawa, mwalimu anayesahihisha hesabu, karani anayepima pamba au kahawa ya mkulima, hao wakikosa mtu mwingine ndiye anayeumia, na Chama kitawadai. Hata yule mama, siku atakapouza mkeka, anunuaye ana haki ya kuutaka uwe imara. Lakini mkeka anaosuka ili mkono wake ufurahi, safu moja ikienda kombo, ni nani aliyeumia? Tukilichanganya jambo la kazi na jambo la burudani tunaharibu yote mawili. Nimewaona watu wakali mno na bao lao, na wazembe kabisa kwenye shamba la kijiji.

Bao lenyewe lina somo. Lina kete 64, na kila mtu huanza na kete 22 mkononi, na kuna hesabu ndani yake ya kumtoa jasho mwalimu wa sekondari. Hapana mtu aliyezaliwa anaijua. Kila bingwa aliyeko chini ya mwembe alifungwa kwa miaka, tena mbele za watu, na watazamaji wakamwambia afadhali akachunge mbuzi. Tofauti yake na yule aliyeacha si akili. Tofauti ni kwamba yeye alirudi kesho yake. Na hapa nina neno na watazamaji. Utani wa bao ni mtamu, nami siukatazi. Mchezo bila utani ni kama chai bila sukari. Lakini ninyi mmewafukuza watu. Yuko kijana aliyechekwa mara moja, akaenda zake, na sasa jioni zake zote zimo ndani ya simu, akitazama watu wa mbali wanaocheza, wanaoimba na wanaopika vizuri kuliko yeye. Simu humletea hodari wa dunia nzima, na humo hakuna mwanafunzi. Ajipimapo kwa hao atashindwa kila siku. Uwanja wetu wa mpira nao mnauona: mbuzi wawili na nyasi ndefu, na banda la kutazama mpira wa Uingereza limejaa mpaka nje. Kutazama si vibaya. Lakini nchi haiwezi kuwa na watazamaji watupu.

Ngoma imelijua jambo hili zamani. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Katika mdumange asiyejua husimama nyuma, hutazama visigino vya aliye mbele yake, hukosea, na ngoma haisimami kwa ajili yake wala haimtoi. Baada ya misimu miwili miguu imekwisha jifunza yenyewe. Hakuna aliyempa mtihani.

Na ninyi wanaume, kabla hamjapiga makofi, sikilizeni hili. Nimesema juu ya saa ile ambayo mtu ametoka shambani na hakuna amwitaye. Kwa mwanamke wa Magoma saa hiyo haipo. Ametoka shamba lile lile ulilotoka wewe, lakini kuna maji, kuna kuni, kuna mtoto, kuna ugali. Wewe uko kwenye bao. Huyo atawezaje kuufurahia ukili wake, hata kama nyapara wa moyoni amemfukuza? Nasema mwanachama ambaye hajabeba ndoo hata moja ya maji kwa juma zima asije hapa kutuhubiria uhuru. (Makofi ya akina mama.) Kila mmoja apunguze mzigo huo kwa jambo moja, na ukindu utashuka darini.

Hayo mengine ni madogo, mtayaona wenyewe. Mtu anayeanza jambo asikimbilie kuwaonyesha watu siku ya kwanza. Alifanye majuma mawili matatu, lizoee mkono. Akiona kosa katika kazi yake aliache lilipo, aendelee na safu inayofuata, maana anayefumua kila mara hamalizi mkeka. Wala asikubali kila jambo ligeuzwe biashara. Siku hizi mtu akishika tu kisu na kipande cha mti, jirani huuliza, "Utauza shilingi ngapi?" Mwambieni hakiuzwi.

Yule mzee wa mashairi yuko hapa, sitamtaja jina. Nimemwomba atunge beti nne juu ya kisima chetu, na nimemwahidi kwamba sitahesabu mizani. Amekubali kwa kunung'unika. Mwenyekiti ameniambia kwamba tukifunga mkutano wapigaji wa mdumange wataanza pale uwanjani. Mimi si Msambaa na miguu yangu ni mizito, lakini nimekwisha tazama, na mstari wa nyuma una nafasi. Kijana asiye fundi, njoo tusimame pamoja.